Mwalimu Ajibu: Wajamaa wa London na vita vya Uhabeshi

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo linalofanana: watu wa mrengo wa kushoto wafanye nini nchi moja inapoivamia nyingine huko mbali? Nimeziweka pamoja zile zinazoshikana. Majina nimeyaacha kwa ombi la wenyewe.

*Shikamoo Mwalimu. Sisi ni vijana tunaosoma siasa ya ujamaa pamoja kila Jumamosi. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 hatuelewani. Wapo wanaosema mjamaa husimama na aliyevamiwa, basi. Wapo wanaosema hivi ni vita vya mabeberu na sisi hatuna upande. Dada mmoja tuliyempenda sana anapinga silaha zote, za kila mtu, na ameacha kuja. Je, wenzetu wa zamani yamewahi kuwapata haya, na waliamuaje?*
Msomaji wa Sinza, Dar es Salaam

Marahaba, wanangu. Yamewapata, tena kwa ukali kuliko hapo kwenu, na nchi iliyowagombanisha ilikuwa ya Kiafrika. Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, na hakuna mzozo wa wajamaa ninaorudi kuusoma kama ule wa Uingereza wa mwaka 1935, Mussolini, mtawala wa Italia, alipoishambulia Uhabeshi, yaani Ethiopia ya leo. Nitaueleza kwa urefu kwa sababu pande zenu zote tatu zilikuwamo, na upo wa nne ambao hamkuutaja.

Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Italia yalivuka mto Mareb kutoka Eritrea bila hata kutangaza vita. Haikuwa siri. Kwa miezi mingi meli za askari zilikuwa zikipita Mfereji wa Suez kuelekea Massawa, na kampuni ya mfereji, iliyokuwa mikononi mwa Waingereza na Wafaransa, ilipokea ushuru wake. Uhabeshi ilikuwa mwanachama wa Shirikisho la Mataifa (lililotangulia Umoja wa Mataifa, makao yake Geneva) tangu 1923, na Italia nayo ilikuwa mwanachama. Basi vyama vya wafanyakazi vya Ulaya vikakabiliwa na swali: tuiunge mkono serikali yetu, ambayo nayo ni ya kibeberu, ikiiwekea Italia vikwazo, hata kama mwisho wake ni vita?

Juma hilohilo chama cha Labour, chama kikubwa cha wafanyakazi cha Uingereza, kilikuwa mkutanoni Brighton. Kiongozi wake, George Lansbury, alikuwa mzee wa miaka 76, Mkristo aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba hakuna vita vya haki. Msimdharau. Mwaka 1921 alikwenda jela pamoja na madiwani wenzake wa Poplar kwa ajili ya maskini wa mtaa wao. Alisimama mbele ya wajumbe akasema hawezi kuliunga mkono azimio la vikwazo, maana nyuma ya vikwazo anaona bunduki. Kisha akapanda Ernest Bevin, katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, akamkemea hadharani kwamba anaizungusha dhamiri yake kutoka kikao hadi kikao akiomba aambiwe aifanyie nini. Azimio likapita kwa kura 2,168,000 dhidi ya 102,000, maana vyama vya wafanyakazi vilipiga kura kwa hesabu ya wanachama wao wote. Siku chache baadaye Lansbury alijiuzulu na Clement Attlee akashika nafasi yake.

Stafford Cripps naye alilipinga azimio, kwa hoja nyingine kabisa. Yeye hakusema vita vyote ni haramu. Alisema serikali ya mabepari haiaminiki na vikwazo, itavitumia kulinda himaya yake. Desemba hoja hiyo ikapata ushahidi: Samuel Hoare, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, na Pierre Laval wa Ufaransa walipatana chini kwa chini kumpa Mussolini sehemu kubwa ya Uhabeshi ili vita viishe. Habari zikavuja kwenye magazeti ya Paris na Hoare akang'oka. Vikwazo vyenyewe, vilivyoanza Novemba, havikugusa mafuta. Mfereji haukufungwa hata siku moja. Waliompigia Bevin makofi walimsoma Mussolini vizuri, halafu wakaikabidhi kazi yote kwa serikali ya waziri mkuu Baldwin.

Lakini mzozo unaoniuma zaidi ni wa chama kidogo, Independent Labour Party, kilichokuwa kimejitenga na Labour mwaka 1932. Kiongozi wake aliyependwa sana, James Maxton, mbunge wa Glasgow, pamoja na wabunge wenzake walisema: Mussolini ni dikteta, Haile Selassie ni dikteta, mfanyakazi wa Uingereza hana sababu ya kuchagua kati yao. Fenner Brockway, mhariri wa gazeti la chama, akakataa. Akakataa pia C.L.R. James, kijana kutoka Trinidad aliyekuwa akiandika habari za kriketi katika gazeti la Manchester Guardian. Hawa walisema tusiitegemee serikali wala Shirikisho la Mataifa, lakini tusikae mikono mitupu. Wafanyakazi waweke vikwazo vyao wenyewe. Makuli wasipakie na mabaharia wasisafirishe chochote kinachokwenda kwa jeshi la Italia.

Huo ndio upande wa nne.

Pasaka ya 1936, katika mkutano wa Keighley, kina James walishinda kwa kura zilizopishana kidogo. Maxton akasema yeye na wenzake hawawezi kuutangaza msimamo huo. Chama kikaogopa kumpoteza, kikaamua kuwauliza wanachama wote kwa kura, na safari hii upande wa Maxton ukashinda. Wakati huo Waitalia walikuwa wameshaingia Addis Ababa, tarehe 5 Mei.

Nawaambieni waziwazi: Maxton alikosea, na kosa hilo liligharimu. Tangu Desemba 1935 ndege za Italia zilikuwa zikimwaga gesi ya sumu juu ya vijiji, mito na mifugo. Upande wa pili haukuwa na ndege za kuzizuia wala gesi ya kujibu. Ukisema "madikteta wawili" umewataja watu wawili, na yule mkulima wa Tigray ambaye ngozi yake inababuka hayumo kabisa katika maneno yako. Mimi hukipima kila kikao cha vita kwa hapo: aliyevamiwa anatajwa kama mtu mwenye nia yake, au anatajwa kama uwanja wa ugomvi wa wakubwa? Jipimeni Jumamosi ijayo. Kwa kipimo hicho Ukraine imevamiwa na mimi nasimama nayo, ingawa najua Tanzania ilijizuia kupiga kura Umoja wa Mataifa tarehe 2 Machi 2022 wakati Kenya ilipiga ya kuilaumu Urusi. Kusimama na aliyevamiwa hakuwalazimishi kumwamini kila anayempelekea silaha. James hakuiamini serikali ya Uingereza hata kidogo, na hakunyamaza.

Je, vikwazo vya wafanyakazi vilikuwa ndoto? Makuli wa Durban walikataa kupakia shehena za Italia mwaka huohuo wa 1935. Watu weusi, chini ya sheria za kibaguzi, bila kura wala mtu wa kuwasemea bungeni, walifanya lile ambalo vyama vikubwa vya Uingereza vililiachia azimio. Baba yangu alikuwa kuli Kilindini. Najua mtu anayelipwa kwa siku anapoteza nini akiuacha mzigo chini, na ndiyo maana nawaheshimu watu wale wa Durban kuliko hotuba zote za Brighton.

Kuhusu dada yenu, mfuateni nyumbani kwao mkamrudishe. Hoja ya Lansbury ilikuwa na pengo kubwa: kwa Mhabeshi aliye chini ya ndege hakuwa na la kutoa ila wito wa mkutano wa mataifa kuhusu kugawana mali ghafi za dunia. Pengo hilo mwonyesheni. Ila mtu aliyekwenda jela kwa ajili ya maskini hasemwi namna Bevin alivyomsema mzee yule, na nyinyi msimseme hivyo binti aliyekaa nanyi kwenye mkeka mmoja.

*Mwalimu, salaam. Babu yangu alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi, na alitulea tukijua kwamba nchi pekee iliyomtetea Mwafrika mbele ya Mussolini ni Urusi ya Kisovieti. Sasa nasikia waliiuzia Italia mafuta wakati wa vita vile. Ni propaganda?*
Msomaji wa Mombasa

Waliuza. Urusi ya Kisovieti iliingia Shirikisho la Mataifa mwaka 1934, na waziri wake wa mambo ya nje, Litvinov, alizungumza vizuri Geneva na kuunga mkono vikwazo. Mafuta yakaendelea kwenda Italia kwa sababu hayakuwamo katika orodha. Hoja yao ilikuwa kwamba wataacha kuuza wauzaji wote wakiacha, la sivyo soko litachukuliwa na wengine. Kila mwuza duka duniani anaijua hoja hiyo. Babu yako aliambiwa kwamba Moscow si duka, na hapo ndipo pa kuuliza.

Mkalimani wa Hitler, Paul Schmidt, aliandika baadaye kwamba Mussolini mwenyewe alikiri: vikwazo vingegusa mafuta, angelazimika kuondoka Uhabeshi ndani ya juma moja. Kwa hiyo mafuta hayakuwa jambo dogo.

Aliyeumia kuliko wote ni George Padmore, naye wa Trinidad. Alikuwa ameshika kazi ya Waafrika katika shirika la kimataifa la wakomunisti na kuhariri gazeti la The Negro Worker. Alianza kuachana nao 1933, alipoona Moscow inapunguza makali dhidi ya Uingereza na Ufaransa kwa kumwogopa Hitler. Wakamfukuza. Habari za mafuta zilimkuta ameshatoka, zikamthibitishia kwamba Mwafrika anayengoja ukombozi wake utoke katika mji mkuu wa mtu mwingine atangoja sana. Chama cha Kikomunisti cha Uingereza kilibaki kikiunga mkono vikwazo vya Geneva, vilevile vilivyoacha mafuta yapite.

Lakini usimvunjie babu yako heshima kwa barua hii. Wakomunisti hawakuwa Moscow peke yake. Baada ya Uhabeshi kutekwa, chama cha Kikomunisti cha Italia, kilichokuwa kikifanya kazi mafichoni, kiliwapeleka Ilio Barontini, Anton Ukmar na Bruno Rolla kwa wapiganaji wa Uhabeshi kati ya 1938 na 1939. Barontini alikuwa ametoka kwenye vita vya Hispania. Walikwenda milimani Gojjam kuwafundisha Wahabeshi kupigana na jeshi lililotumwa na serikali ya nchi yao wenyewe. Wangekamatwa wangeuawa bila kesi. Mweleze babu yako habari za hao watatu, kama hazijui atafurahi.

*Mwalimu, mimi ni Mborana wa Moyale. Nimechoka kusikia Haile Selassie akililiwa. Watu wa mfalme Menelik walichukua ardhi ya mababu zangu wakawafanya watumishi katika mashamba yao wenyewe. Mussolini alipokuja, wa kwetu walikuwa tayari wametekwa. Huyo Maxton mnayemlaumu alisema kweli.*
Msomaji wa Moyale

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma na kuirudia, na sitakujibu kwa haraka.

Unayoyasema ni kweli. Menelik aliteka nchi za kusini miaka ya mwisho ya karne ya 19 kwa bunduki alizonunua Ulaya. Askari wake walilipwa kwa kugawiwa wakulima, wale walioitwa gabbar, wawalimie na kuwahudumia. Biashara ya watumwa haikuwa imekwisha mwaka 1935, na utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria kamili mwaka 1942 tu. Mwaka 1936, serikali ya mfalme ilipokuwa ikisambaratika, machifu wa Waoromo wa magharibi, ndugu wa Waborana, waliomba wawekwe chini ya uangalizi wa Uingereza kuliko kurudi chini ya Waamhara, kabila lililotawala. Mtu asiyetaka kuyasikia haya haipendi Uhabeshi, anapenda picha ya mfalme ukutani.

Sasa nisikilize na mimi. Jenerali De Bono alipoingia Tigray, Oktoba 1935, alitangaza kwamba watumwa wako huru. Huyo ni jenerali wa serikali iliyokuwa ikiwakamata Wasomali kwa nguvu walime mashamba ya pamba na ndizi ya Waitalia kando ya mito Juba na Shebelle. Mwezi Februari 1937, baada ya vijana kumtupia bomu Graziani, gavana wa Kiitalia, mjini Addis Ababa, Waitalia waliachiwa mitaani siku tatu wakaue na kuchoma nyumba, na hakuna aliyeuliza huyu ni Mwamhara au Mworomo. Mababu zako walikuwa na bwana mmoja, akaja wa pili juu ya yule wa kwanza. Maxton hakumwondoa hata mmoja. Laiti angesema, "Kwa kuwa mfalme anawaonea Waborana, tuwasaidie Waborana," ningemheshimu. Hakusema. Sijakuta ushahidi kwamba Waborana walimpitia akilini.

James, yeye, alitaka kwenda mwenyewe. Alijitolea kuingia jeshi la Uhabeshi, na balozi wa nchi hiyo mjini London, Dakta Workneh Martin, akamshauri kwamba atafaa zaidi akibaki kufanya kampeni. Mwaka 1936 alieleza katika gazeti la chama chake kwamba alitaka kuwa safuni pamoja na askari wa kawaida wa Kiafrika, na huko huko awaeleze siasa ya ujamaa. Alikuwa akiwaendea watu walio chini ya mfalme. Hapo namwona aliye karibu na mababu zako kuliko Maxton.

Wapo kweli waliompamba mfalme kupita kiasi, nawe una haki ya kuwakasirikia. Sylvia Pankhurst, aliyepigania kura za wanawake na kufungwa mara nyingi, alianzisha gazeti la New Times and Ethiopia News, toleo la kwanza likiwa la tarehe 5 Mei 1936, siku ileile Addis Ababa ilipoanguka. Kazi yake ilikuwa kubwa: wakati magazeti mengine yalikwisha kuigeukia Hispania, yeye aliendelea kuchapisha habari za gesi na mauaji. Lakini mapenzi yake kwa mfalme hayakuwa na breki. Vita vilipokwisha alifanya kampeni Eritrea iunganishwe na Uhabeshi. Ikaunganishwa kwa shirikisho mwaka 1952, mfalme akaimeza kabisa 1962, na Waeritrea wakapigana mpaka 1991. Yeye alihamia Addis Ababa, akafia huko 1960 na kuzikwa kwa heshima. Mjamaa mzima, aliyejua jela ilivyo, hakuyasikiliza malalamiko ya watu wa kusini na Eritrea kwa sikio alilowasikiliza nalo wahanga wa Mussolini. Hilo linanihuzunisha zaidi kuliko yote niliyoyaandika hapa, kwa sababu aliupata ukweli wa kwanza kwa gharama kubwa.

Niandikie tena, ndugu yangu. Na kama kuna wazee huko Moyale wanaokumbuka simulizi za Waitalia walipofika, zichukue kwa kinasa sauti kabla hatujachelewa.

*Mwalimu, kuna mtu ametuambia kijiweni kwamba Mzee Kenyatta alikuwa kwenye kamati ya kuitetea Uhabeshi huko Ulaya. Sisi tulimkatalia.*
Wasomaji wa Thika

Mwombeni radhi. Mwaka 1935 Waafrika na watu weusi wa visiwa vya Karibi walioishi London waliunda kamati iliyoitwa International African Friends of Abyssinia. James alikuwa mwenyekiti, Amy Ashwood Garvey mweka hazina, na katibu wa heshima alikuwa Kenyatta, wakati huo akijulikana kama Johnstone na akisoma chuo cha London School of Economics. Agosti walifanya mkutano wa hadhara Trafalgar Square. Septemba Kenyatta aliandika makala ya kuitetea Uhabeshi katika jarida la Labour Monthly, ambalo lilikuwa la wakomunisti, ingawa yeye na wakomunisti walikuwa wameanza kutiliana shaka. Mfalme alipofika kituo cha Waterloo uhamishoni, tarehe 3 Juni 1936, serikali ya Uingereza ilijitahidi mapokezi yasiwe makubwa. Kenyatta alikuwapo kumpokea.

Kamati ile ilikuwa ya watu wachache na haikuzuia hata meli moja. Lakini kina Padmore, James, Ras Makonnen na Kenyatta walibaki pamoja, wakaunda International African Service Bureau mwaka 1937, na kutoka hapo ikaja njia iliyofika kwenye mkutano wa umoja wa Waafrika wa Manchester wa 1945. Walijifunza mwaka ule kwamba vyama vya kushoto vya Ulaya vinaweza kugombana juu ya Afrika mwaka mzima bila kumwuliza Mwafrika.

*Shikamoo Mwalimu. Marehemu babu alikuwa Keya, askari wa Kiafrika wa jeshi la Mwingereza, na alifika Gondar huko Uhabeshi. Alikuwa akimpigania nani, mfalme au Mwingereza?*
Msomaji wa Bukoba

Marahaba. Mwingereza ndiye aliyempeleka, na hakumweleza sababu. Italia ilipoingia vita vya Hitler, Juni 1940, serikali ya Uingereza, iliyokubali vikwazo viondolewe mwaka 1936, iligundua kwamba Uhabeshi inafaa kukombolewa. Mwanzoni mwa 1941 Keya na askari wengine wa Kiafrika walitoka Kenya wakapita Kismayu na Mogadishu, na Addis Ababa ikachukuliwa tarehe 6 Aprili. Mfalme aliingia mjini tarehe 5 Mei. Gondar ilikuwa ngome ya mwisho, ilianguka tarehe 27 Novemba. Watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walikufa huko kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu aliyelala handaki la jirani. Kazi waliyoifanya ni ile ambayo Brighton iliipigia kura na Keighley ikagombania, nami naihesabu kuwa yao, hata kama hakuna aliyewaomba rai.

Tazama katika vitu vyake kama kuna nyota ya pembe sita yenye utepe wa rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati. Hiyo ni Africa Star, walipewa waliokuwa kwenye kampeni hiyo. Ukipata na cheti chake cha kuachishwa jeshi, nitumie namba ya kikosi tu, nitakueleza walipita wapi.